Kuunganisha simu, maiki na spika kwenye amplifaya: hesabu omu kabla ya kuongeza spika

Saa 2 usiku, keki bado haijakatwa, muziki unakatika. Harufu ya waya ulioungua inatoka nyuma ya amplifaya. MC anaita kwa mdomo mtupu, mwenye vyombo anatoka jasho, na mwenye shughuli anauliza hela yake itarudije. Wageni watasema ni umeme, au ni amplifaya feki. Inawezekana. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika mchana, wakati wa kuunganisha.

Kwa wasikilizaji wetu wa Nyakato, Igoma na Kisesa, na hata wa mbali zaidi kule Magu, Misungwi na visiwa vya Ukerewe, vyombo vya muziki ni kazi. Vinakodishwa kwa harusi, kipaimara, msiba, mahubiri ya uwanjani, mkutano wa kijiji na ngoma. Seti moja huwa ni akiba ya miaka kadhaa, au mkopo wa kikundi kizima. Nyakato, kando ya barabara ya kwenda Musoma, kuna viwanda, kuna SIDO, na kuna mafundi wa kuchomelea stendi na kuunda maboksi ya spika. Kupata chombo si kazi ngumu sana. Kazi ni kujua kipi kiungwe na kipi.

Makala hii inaeleza namna ya kuunganisha vyanzo vya sauti na spika kwenye amplifaya ya kazi, yaani ile ya kufungwa kwenye raki, yenye vifundo viwili tu mbele na isiyo na redio wala vitufe vya besi. Ihifadhi kwenye simu yako ili uisome hata pasipo na mtandao.

Safari ya sauti

Sauti husafiri kwa ngazi. Maiki hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu kati ya elfu moja za volti. Simu au kompyuta hutoa zaidi, kama nusu volti hadi volti 1. Amplifaya ya kazi inataka kupokea karibu volti 1 ili itoe nguvu yake yote. Na inayotoka kwenda kwenye spika ni makumi ya volti.

Kutokana na ngazi hizo unapata kanuni mbili. Ya kwanza, maiki haichomekwi moja kwa moja kwenye amplifaya ya kazi. Haitaharibu kitu, ila utasikia mnong'ono tu. Maiki hupita kwanza kwenye miksa, ambayo huikuza. Ya pili, waya unaotoka kwenye tundu la spika usirudi kamwe kwenye miksa, simu au kompyuta. Makumi ya volti yakiingia mahali palipotengenezwa kwa volti 1, chombo hicho kimekwisha.

Kwa hiyo mpangilio ni huu siku zote: chanzo, miksa, amplifaya, spika. Usiruke ngazi, na usirudi nyuma.

Kuunganisha simu

Amplifaya ya kazi huwa na tundu la XLR la pini tatu, palipoandikwa INPUT. Nyingine zina pia tundu la jeki kubwa ya milimita 6.35. Kwenye XLR, pini ya 1 ni ya kinga inayozunguka waya, pini ya 2 hubeba sauti, na pini ya 3 hubeba sauti hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa. Amplifaya hutoa tofauti kati ya pini ya 2 na ya 3. Kelele inayoingia njiani huingia sawasawa kwenye waya zote mbili, hivyo hujifuta. Ndiyo maana waya wa XLR unaweza kwenda mita 30 uwanjani bila kuleta mvumo.

Hapo ndipo penye mtego wa simu. Jeki ndogo ya simu nayo ina sehemu tatu, lakini kazi yake ni nyingine: ncha ni upande wa kushoto, pete ni upande wa kulia, na shina ni kinga. Ukitengeneza waya wa kutoka simu moja kwa moja hadi XLR, pini kwa pini, amplifaya itatoa tofauti kati ya kushoto na kulia. Katika nyimbo nyingi mwimbaji amewekwa katikati, sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Utasikia vyombo vya mbali na mwangwi, lakini mwimbaji hayupo. Watu hudhani spika imekufa, na fundi hufungua boksi bure.

Njia sahihi ni kutumia waya wenye jeki ndogo upande mmoja na jeki mbili upande wa pili, kisha uziingize kwenye njia mbili za miksa, moja kushoto na moja kulia. Ukitaka kuchanganya kushoto na kulia kwenye njia moja, usizisokote pamoja waya kwa waya, kwa sababu pande mbili za simu zitapambana. Mwombe fundi aweke rezista ya omu 1,000 kwenye kila upande kabla ya kuziunganisha.

Mambo mengine mawili kuhusu simu. Iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo mlio wa kupigiwa utatoka kwenye spika zote katikati ya maombi. Pia simu inayotafuta mtandao ikilala juu ya waya za maiki huleta ule mlio wa kugonga-gonga. Na kama miksa yako ina kitufe cha volti 48 kwa ajili ya maiki maalumu, hakikisha hakijawashwa kwenye njia ulikochomeka simu.

Omu: hapa ndipo amplifaya zinapofia

Kila spika ina namba ya omu nyuma yake, inayoandikwa kwa alama Ω. Jina linatokana na Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Spika nyingi za kazi ni za omu 8 au omu 4. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Namba ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi unapita, na amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi. Wengi hukosea hapo: wanadhani omu 2 ni mzigo mwepesi kuliko omu 8. Ni kinyume chake.

Chukua mfano. Amplifaya inatoa volti 40 kwenye spika. Kwa omu 8, ampea 5 zinapita, na nguvu ni wati 200. Kwa omu 4, ampea 10 zinapita, nguvu ni wati 400. Kwa omu 2, ampea 20 zinapita, na nguvu inayotakiwa ni wati 800. Volti ni zile zile, lakini mzigo umeongezeka mara nne. Kama transista za amplifaya hiyo zilitengenezwa kubeba ampea 10, hesabu iliyobaki unaijua.

Sasa angalia kinachotokea unapounganisha spika zaidi ya moja. Spika nyingi za kazi zina matundu mawili nyuma, ili utoe waya kutoka spika ya kwanza uingie ya pili. Kwa macho zinaonekana kama zimefuatana kwenye msururu. Kwa umeme, zimeungwa sambamba. Kila unayoongeza inapunguza omu.

Kwa spika zinazofanana, gawa omu za spika moja kwa idadi ya spika:

- Spika 1 ya omu 8: omu 8
- Spika 2 za omu 8: omu 4
- Spika 3 za omu 8: omu 2.7
- Spika 4 za omu 8: omu 2
- Spika 2 za omu 4: omu 2

Kwa spika mbili zisizofanana, zidisha namba zake, kisha gawa kwa jumla yake. Omu 8 na omu 4: 8 mara 4 ni 32, 8 na 4 ni 12, 32 gawa kwa 12 ni omu 2.7.

Kisha tazama nyuma ya amplifaya. Imeandikwa kiwango cha chini kabisa cha omu kwa kila upande. Nyingi huishia omu 4, baadhi hufika omu 2. Namba hiyo si pendekezo, ni mpaka.

Kama maandishi ya spika yamefutika, tumia mita ya fundi. Spika ya omu 8 husoma karibu 6 hadi 7, na ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5. Mita husoma chini kidogo kwa sababu inapima koili ikiwa imetulia, bila muziki.

Mjomba mwenye spika mbili

Tuseme una kazi ya harusi Kisesa. Amplifaya yako ina pande mbili na mpaka wake ni omu 4 kila upande. Umeweka spika nne za omu 8, mbili kila upande. Kila upande una omu 4 kamili. Umefika mpakani, lakini uko salama.

Saa 11 jioni anafika mjomba wa bwana harusi na pikapu. Amebeba spika mbili zake, naye ameshawaambia watu kwamba muziki wa leo utasikika hadi Igoma. Anataka uziunge. Ukikubali, kila upande unashuka hadi omu 2.7. Mwanzoni hutaona tatizo. Nyimbo za kukaribisha wageni ni za sauti ya chini, na amplifaya inavumilia. Ikifika zamu ya kucheza, vifundo vinapandishwa, joto linapanda, na taa ya PROTECT inawaka. Hiyo ikiwa amplifaya ina kinga nzuri. Isipokuwa nayo, ndipo inapotoka ile harufu.

Kumkatalia mkubwa si rahisi, hasa ukiwa kijana uliyekodiwa. Lakini unaweza kumjibu kwa heshima na bado ukalinda mali yako: "Shikamoo mjomba. Spika zako ni nzuri, ila amplifaya hii imeshabeba mzigo wake wote. Kama ipo amplifaya nyingine, naitolea sauti kutoka kwenye miksa hii hii, spika zako zisikike upande wa jikoni kwa akina mama." Hilo ndilo jibu la kitaalamu pia. Kuongeza spika kunahitaji kuongeza amplifaya. Amplifaya nyingi za kazi zina tundu la XLR la kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya ya pili. Kufanya hivyo hakupunguzi omu za ile ya kwanza hata kidogo.

Wati zilizoandikwa na wati za kweli

Unaponunua au kukodi, tafuta namba ya RMS au nguvu ya kuendelea. Achana na PMPO, ambayo ni namba ya kuvutia wanunuzi. Njia rahisi ya kuipima ni kusoma kibandiko cha umeme nyuma ya chombo. Kama sabufa inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kutoa wati 10,000 kwenye spika, hata boksi liandikwe nini.

Kwa spika ya wati 300 RMS, amplifaya inayotoa wati 300 hadi 450 kwa omu zile zile inafaa. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba amplifaya ndogo nayo inaweza kuunguza spika kubwa. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, kama kilima kilichosawazishwa kileleni. Sauti inakuwa ya kukwaruza, na nguvu nyingi ya sauti kali inaishia kwenye twita. Twita ndiyo hufa kwanza. Taa nyekundu iliyoandikwa CLIP inakuambia jambo hilo linatokea sasa hivi. Ikimweka mara moja moja kwenye pigo la ngoma, si tatizo. Ikibaki imewaka, punguza.

Waya wa spika

Waya wa maiki usitumike kwa spika, hata kama jeki zake zinaingia. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba, nao utapata joto. Waya wa spika ni wa nyuzi mbili nene, bila kinga ya kuzunguka.

Unene una maana yake. Tuseme spika yako ya omu 4 iko mita 20 kutoka kwenye amplifaya. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, karibu theluthi moja ya nguvu haitafika kwenye spika. Ukitumia wa 1.5, unapoteza kama moja ya tano. Ukitumia wa 2.5, unapoteza kama moja ya nane. Kununua waya mnene ni rahisi kuliko kununua amplifaya kubwa zaidi. Ni vizuri pia kuweka amplifaya karibu na spika na kuurefusha waya wa XLR, kwa sababu huo hauna hasara hiyo.

Matundu ya spika kwenye amplifaya ni ya aina mbili. Ya kwanza ni skrubu nyekundu na nyeusi. Usiache uzi hata mmoja wa shaba ukichungulia, kwa sababu nyekundu ikigusana na nyeusi wakati muziki unapiga, amplifaya inaweza kufa papo hapo. Ya pili ni Speakon, plagi ya kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein, inayoingizwa kisha kuzungushwa hadi ijifunge. Ndani yake, waya chanya huenda 1+ na hasi huenda 1-. Ukiweza kuchagua, chagua Speakon, maana haichomoki mtoto akijikwaa kwenye waya.

Hakikisha chanya inaenda chanya kwenye spika zote. Ukigeuza moja, hakuna kitakachoungua, lakini spika moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi itapotea katikati ya uwanja. Kuna kipimo cha kijijini kisichohitaji mita. Chukua betri kavu ya tochi ya volti 1.5. Waya wa spika ukiwa umechomolewa kwenye amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye waya chanya na hasi kwenye hasi, kwa nukta moja tu. Koni ya besi ikiruka kuja nje, waya uko sawa. Ikirudi ndani, umegeuzwa.

Swichi ya BRIDGE

Amplifaya nyingi zina swichi yenye maneno STEREO, PARALLEL na BRIDGE. Kwenye STEREO, kila upande unafanya kazi yake. Kwenye PARALLEL, sauti moja inakwenda pande zote mbili, nayo inafaa kwa hotuba au kanisa. BRIDGE huunganisha pande mbili kuwa moja yenye nguvu zaidi, mara nyingi kwa ajili ya sabufa.

Tahadhari ya BRIDGE ni kwamba kila upande huona nusu ya omu za spika. Sabufa ya omu 8 huonekana kama omu 4. Sabufa ya omu 4 huonekana kama omu 2. Kama mpaka wa amplifaya yako ni omu 4, usiweke kwenye BRIDGE kitu chochote kilicho chini ya omu 8. Waya huungwa kwenye skrubu nyekundu mbili, kama mchoro wa nyuma unavyoonyesha, na hakuna waya unaoruhusiwa kugusa nyeusi. Kabla ya kila kazi tazama swichi hii imekaa wapi. Huguswa kwa bahati mbaya wakati wa kupakia.

Honi za msikiti, kanisa na gari la matangazo

Honi za juu ya paa mara nyingi hazihesabiwi kwa omu. Zina transfoma ndani, na amplifaya yake ina matundu yaliyoandikwa 100V. Huko unahesabu wati. Jumlisha wati zilizochaguliwa kwenye kila honi, na jumla isizidi kama asilimia 80 ya wati za amplifaya. Honi nne za wati 30 ni wati 120, kwa hiyo amplifaya ya wati 150 inatosha. Usiweke spika ya kawaida ya omu 8 kwenye tundu la 100V, wala usichanganye mifumo hii miwili kwenye laini moja.

Umeme, jenereta na pini ya ardhi

Katika makala yote hii, sehemu hii ndiyo inayohusu uhai wa mtu.

Mfumo ukivuma, kuna watu wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi, ile ndefu ya juu. Mvumo unaondoka kweli. Lakini pini ile ipo kwa sababu moja: siku waya wa moto ukigusa bati la amplifaya kwa ndani, umeme uende ardhini na fyuzi ikatike. Ukiikata, bati linabaki na volti 230. Bati limeungana na kinga ya waya wa XLR, kinga imeungana na miksa, na miksa imeungana na maiki ya chuma iliyo mdomoni mwa mwimbaji. Akiwa pekupeku kwenye majani yenye umande, njia ya umeme kwenda ardhini ni yeye. Hakuna mvumo unaostahili gharama hiyo.

Dawa ya mvumo ni nyingine. Chomeka miksa na amplifaya kwenye soketi moja au ekstensheni moja. Tenganisha waya za umeme na waya za maiki. Zikilazimika kukutana, zikatishe kama msalaba. Jaribu simu ikiwa haijachomekwa chaja. Ikishindikana, tumia kiboksi chenye transfoma ya kutenganisha kati ya chanzo na miksa.

Kwa jenereta, liwashe kwanza, liache litulie, pima kama linatoa karibu volti 230, ndipo uwashe vyombo. Zima vyombo kabla ya kuongeza mafuta, na usisubiri mafuta yaishe lenyewe likiwa linapiga muziki, kwa sababu volti hupanda na kushuka likikata roho. Suala la kuunga ardhi ya jenereta au kuvuta umeme wa TANESCO hadi kwenye turubai mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Radi ni nyingi katika maeneo ya Ziwa Viktoria. Ukisikia ngurumo, zima na uchomoe plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na usifunike amplifaya kwa turubai ikiwa inafanya kazi. Matundu ya feni yakizibwa, inaungua hata kama omu ziko sawa.

Kuwasha, kuzima na kupandisha sauti

Amplifaya ni mgeni rasmi: hufika wa mwisho, huondoka wa kwanza. Washa vyanzo na miksa, vifundo vya amplifaya vikiwa chini, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kufunga, zima amplifaya kwanza, subiri kidogo, kisha miksa. Ukienda kinyume, ule mshindo mkubwa wa kuwasha miksa unaingia kwenye spika kwa nguvu zote, na koni zinapasuka.

Pandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, rekebisha miksa hadi taa zake ziwe za kijani zikigusa njano, kisha pandisha amplifaya polepole. Maiki ikianza kupiga mluzi, kuongeza nguvu hakusaidii. Sogeza spika mbele ya mwimbaji, maiki ibaki nyuma ya spika, na aishike karibu na mdomo.

Uwanja mkubwa hauhitaji wati tu

Wanaofanya kazi uwanjani, kwa mfano wakati ngoma za Wagika na Wagalu zinaposhindana Bujora kwenye Bulabo mwezi Juni, wanajua kwamba watu wengi hunyonya sauti. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio huziona ni chache. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Na kila umbali unapozidi mara mbili, unapoteza desibeli 6.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria spika za mjomba, inua zako kwenye stendi zipite vichwa vya watu, kisha zielekeze kwenye watu na si angani. Kama uwanja ni mrefu, weka amplifaya nyingine na spika zake katikati. Hapo utapata zaidi kuliko kuongeza wati mbele.

Kumbuka pia majirani. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC. Mweleze mapema mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, ulizia kibali, na usiwaache watoto wacheze mbele ya spika. Masikio yakiharibika hayana fundi.

Kwa ufupi, kabla ya kuwasha

1. Soma omu za kila spika na mpaka wa amplifaya. Piga hesabu kwa kila upande.
2. Tazama swichi ya STEREO, PARALLEL na BRIDGE.
3. Kagua skrubu: hakuna uzi wa shaba unaochungulia.
4. Simu na maiki zipite kwenye miksa. Simu iwe hali ya ndege.
5. Pini ya ardhi ipo kwenye kila plagi.
6. Feni ya amplifaya ina nafasi ya kupumua.
7. Amplifaya iwashwe mwisho, izimwe kwanza.
8. Akija mtu na spika za ziada, muulize kama amekuja na amplifaya.